Mpishi wa Shughuli: Istilahi za Kazi ya Upishi Kisiwani Pemba

Miongoni mwa kazi ambazo sisi tunaoshughulika na istilahi huzipita bila ya kuzitazama sana ni kazi ya jikoni. Istilahi za sheria, za sayansi, za benki na za utawala zimefanyiwa vikao virefu, na vikao hivyo vilikuwa vya lazima. Jiko tumeliacha nyuma, pengine kwa kudhani kwamba kila mtu anajua kupika, na kwamba neno lolote litakalohitajika huko litajitokeza lenyewe. Dhana hiyo sasa ina gharama yake. Mtu wa Wete au Mkoani anaweza leo kuajiriwa kwa kazi ya upishi kwa hati iliyoandikwa, iwe katika hoteli ya wageni, katika nyumba ya tajiri wa Dar es Salaam, au ng'ambo katika miji kama Muscat na London. Hati hiyo mara nyingi hufikiriwa kwa Kiingereza kwanza, kisha hutafsiriwa. Mfasiri asipoyajua maneno ya kazi, hasara haimfiki yeye, humfika mpishi.

Katika makala haya tunakusudia kuieleza kazi ya mpishi anayeitwa majumbani kupikia karamu, kwa kuifuata kama ijulikanavyo Pemba, na kuonyesha ni maneno gani tayari tunayo, ni yapi tunayatumia vibaya, na ni wapi hasa ambapo neno jipya linahitajika. Rai yetu ni moja: kabla hatujaunda istilahi, hatuna budi kwenda kwa wenye kazi na kuwauliza wao husema nini.

Mpishi na jamaa zake

Neno mpishi limetokana na kitenzi pika. Sauti k hugeuka kuwa sh inapokutana na kiishio -i cha mtenda, kama andika inavyotupa mwandishi. Pamoja na mpishi tunalo pia neno mpikaji, kwa kiishio -aji. Maneno haya mawili yanakaribiana lakini hayalingani. Mpishi ni mtu ambaye upishi ni kazi yake, naye huitwa hivyo hata siku ambayo hakuinjika chungu. Mpikaji ni mtu apikaye, au mwenye mazoea ya kupika, hata kama hana ujira wala sifa ya kazi hiyo. Tofauti hii ni ndogo machoni, lakini katika hati ya ajira ni kubwa.

Lugha yetu haikuishia hapo. Kitenzi andika, kabla hakijahusishwa na kalamu na karatasi, kilikuwa na maana ya kupanga vitu kwa taratibu. Ndiyo maana hadi leo twasema kuandika meza. Kamusi za zamani humtaja mwandikaji kuwa ni mtumishi anayepanga vyombo na kuwaletea watu chakula mezani. Vivyo hivyo, kitenzi andaa kimetupa andazi na maandazi, na kutokana nacho limekuwapo neno mwandazi, yaani fundi wa vitu vya unga na sukari. Na kutokana na pakua tunapata mpakuzi. Katika karamu kubwa kupakua si jambo dogo, kwani mpakuzi ndiye anayekisia kwa jicho lake ili chakula kiwafike walioketi ukumbini na wale wa mwisho walioketi uani bila ya kupungua.

Basi hapa tunayo majina manne ya watu wanne: mpishi, mwandazi, mpakuzi na mwandikaji. Mahotelini watu hawa hutajwa kwa majina ya Kiingereza, na mkurufunzi anayetoka Pemba hufundishwa majina hayo kana kwamba kwao kazi hizo hazina jina. Hatusemi kwamba maneno hayo manne yote yangali midomoni mwa watu kwa kiasi kimoja. Mwandikaji, kwa mfano, amesahauliwa na wengi, na mhudumu amechukua nafasi yake. Lakini neno lililosahauliwa ni rahisi zaidi kulirudisha kuliko kuliunda ambalo halijapata kuwapo.

Je, shefu naye tumweke wapi? Neno hili limetoka Kifaransa, na maana yake ya asili ni mkuu. Kwa ukamilifu wake lilikuwa mkuu wa jiko. Palipo na jiko lenye ngazi za watumishi, mpishi mkuu anatosha kabisa, wala hatuoni haja ya shefu. Lakini kwa mtu anayefanya kazi peke yake, au na mwanagenzi mmoja, jina la mpishi mkuu halifai. Atakuwa mkuu wa nani?

Binafsi ya nani?

Tatizo lenyewe linaanzia hapa. Huko Marekani na Uingereza kuna wapishi wa namna mbili ambao majina yao hutatanisha hata wenyeji. Wa kwanza ni yule aliyeajiriwa na nyumba moja, akaipikia nyumba hiyo siku zote. Wa pili ni yule asiyefungwa na nyumba moja. Leo yuko kwa huyu, kesho kwa yule, na kila mmoja humlipa kwa kazi ile aliyomwitia. Tunapotafsiri, wote wawili huwa mpishi binafsi.

Neno binafsi lina matatizo mawili. Kwanza, asili yake ni nafsi, nalo huweza kufahamika kuwa ni la mwajiriwa au la mwajiri. Mpishi binafsi ni mpishi anayejitegemea, au ni mpishi wa mtu fulani peke yake? Maana hizi zinapingana, nalo neno lazibeba zote mbili. Pili, halisemi lolote juu ya kazi yenyewe: kazi yaanza lini na yaisha lini, na ni nani mwenye vyombo.

Tuchukue mfano. Tuseme bibi mmoja wa Chake Chake, mpishi wa miaka mingi, anapewa hati inayomwita mpishi binafsi wa familia ya wageni kwa mwezi mmoja. Yeye anaifahamu hati hiyo kama aijuavyo kazi yake: ataitwa siku za karamu, atapika, atapewa chake, ataondoka. Mwenye nyumba anaifahamu vingine: huyu ni wetu kwa mwezi mzima, atapika asubuhi, mchana na usiku, atakwenda sokoni, ataandika meza na ataosha vyombo. Hapana aliyedanganya. Neno moja limewapa watu wawili mapatano mawili, na anayejikuta na kazi ya watu wanne kwa ujira wa mmoja ni yule bibi.

Sisi tunaona kwamba Kiswahili cha Visiwani kimekwisha kutatua jambo hili. Kwetu shughuli si kazi tu wala si kuhangaika tu. Ni pia sherehe au kusanyiko la arusi, hitima, akika au maulidi, na aliyewakusanya watu huitwa mwenye shughuli. Mpishi anayeitwa kwa jambo hilo ni mpishi wa shughuli. Huja kwa mwito, hupika katika nyumba isiyo yake, kwa vitu vilivyonunuliwa na mwenye shughuli, kisha hupewa haki yake akarejea kwake. Ujuzi ni wake. Gharama na heshima ya karamu ni za mwenye shughuli. Tukilinganisha sifa hizi na zile za mpishi wa pili wa Kiingereza, tutaona kwamba zinafanana karibu katika kila jambo. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba aliyeajiriwa na nyumba moja aitwe mpishi wa nyumba, na anayeitwa kwa karamu aitwe mpishi wa shughuli, hata kama karamu yenyewe ni ya wageni sita mezani na si ya kijiji kizima.

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba shughuli ni neno la Visiwani, na kwamba mtu wa Bara atalifahamu vingine. Hoja hii ina uzito. Lakini lahaja ya Unguja ilipochaguliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, lahaja nyingine hazikuzuiliwa kuchangia. Na mwendo unaofuatwa katika kuunda istilahi ni kutazama kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, ndipo tutoke nje. Hapa jibu limepatikana katika hatua ya kwanza.

Siku ya kazi

Sasa tuifuate kazi yenyewe, maana istilahi huonekana vizuri zaidi zikiwa kazini.

Jambo la kwanza ni mapatano, na mapatano huanza kwa kipimo. Wazee walipima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Pishi moja ya mchele ni kadiri ya ratili 6, yaani karibu kilo 2.7. Vitu vizito zaidi vilipimwa kwa frasila, ambayo ni kadiri ya ratili 35 au kilo 16. Kilo imechukua nafasi ya vipimo hivi, na ni vyema iwe hivyo. Hata hivyo mwandishi wa mapishi anayekusanya maarifa ya wazee lazima avijue, la sivyo atasikia kibaba akaandika kikombe, na wali wa mtu utaharibika. Aidha atambue kwamba pishi la kipimo halihusiani na pishi kwa maana ya namna ya kupika chakula fulani, kama tusemavyo pishi la biriani. Maana hii ya pili imeenea, nayo inafaa kuchukuliwa badala ya resipe.

Baada ya kipimo huja matayarisho. Mchele huchaguliwa na kupetwa kwa ungo, viungo hutwangwa kinuni kwa mchi, nazi hukunwa kwa mbuzi. Katika nazi pana somo kubwa kwa wafasiri. Siku hizi tunasoma katika makopo na katika vitabu maneno maziwa ya nazi na krimu ya nazi. Kiswahili hakina haja nayo. Nazi iliyokunwa ikikamuliwa hutoa tui. Tui la kwanza lililo zito ni kasimele. Likiongezwa maji na kukamuliwa tena hupatikana tui jepesi. Na kinachobaki ni chicha. Mpishi hutia tui jepesi mwanzo ili chakula kiive nalo, na kasimele huitia mwishoni ili isikatike kwa moto. Mwenye kuandika maziwa ya nazi mara mbili katika pishi moja, bila ya kutofautisha, amemficha msomaji siri ya pishi lenyewe. Kadhalika tunda la mnazi lina majina kwa umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Anayeomba nazi mbichi sokoni Chake Chake ataulizwa anataka ipi.

Kisha moto. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu, na wahenga walikwisha kusema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Kuweka chungu motoni ni kuinjika, au kuteleka, au kubandika. Kukiondoa ni kuipua au kuepua. Vitabu vyetu vingi vya mapishi huandika weka kwenye moto na ondoa kwenye moto, maneno matatu palipotosha moja. Kupika nako kuna namna zake. Kutokosa ni kuchemsha chakula kwa maji hadi kiive. Kupwaza ni kuchemsha vitu kama muhogo, ndizi au boga bila ya kuviunga. Kubanika ni kuchoma kwa kuweka karibu na moto, kama samaki wa kijitini. Kuunga ni kutia viungo na vikolezo ili mchuzi upate ladha, na ndipo lilipotoka neno kiungo. Wali unapokaribia kukauka, mpishi hupunguza moto wa chini na kupalia, yaani kuweka makaa juu ya kifuniko ili joto liuzunguke. Makumbi na vifuu vya nazi hutoa makaa mazuri kwa kazi hiyo. Wali uliopaliwa vizuri hauna kiini, wala si bokoboko, na chini yake huacha ukoko mwekundu ambao watoto huugombea.

Katika majiko ya gesi hapana kupalia. Lakini joko la umeme lenye moto wa juu hufanya kazi hiyo hiyo, na kitenzi palia kinaweza kuhamia huko bila ya taabu. Hivi ndivyo lilivyofanya neno sufuria. Asili yake ni sufuri, yaani shaba, kwa kuwa sufuria za kwanza zilikuwa za shaba. Leo nyingi ni za alumini, na hapana aliyeona haja ya kuzibadili jina.

Karamu ya majira ya baridi

Wageni wanaomwita mpishi wa shughuli huja na maneno yao, na mojawapo ni karamu za majira ya baridi. Katika nchi za kaskazini miezi ya Desemba, Januari na Februari ni ya baridi kali na usiku mrefu, na watu hualikana majumbani kwa chakula cha usiku chenye supu nzito na nyama iliyopikwa kwa muda mrefu. Kamusi na wafasiri wengi huyaita majira hayo kipupwe.

Pemba haikubali tafsiri hiyo. Kipupwe kwetu ni majira ya ubaridi yanayofuata mvua za masika, takriban Juni hadi Agosti, wakati upepo wa kusi unavuma. Miezi ile ambayo Ulaya iko katika theluji, Pemba iko katika kaskazi, na joto limepanda. Mfasiri akiandika karamu ya kipupwe kwa tarehe 15 Januari, mpishi atadhani tarehe imekosewa, au atajiandaa kwa miezi ambayo siyo. Jambo hili linahusu hata manunuzi, kwani samaki, matunda na mboga za kaskazi si za kusi.

Kwa hiyo tunashauri kwamba kipupwe kibaki na maana yake ya pwani yetu, na majira ya nchi za kaskazini yaitwe majira ya baridi. Mpishi wa Kizanzibari aliyeko London aseme karamu ya majira ya baridi. Mpishi wa Wete aliyeitwa na wageni mwezi Januari aandikiwe karamu ya usiku, na mwezi wake utajwe, inatosha.

Hapa pia yafaa kutaja majina ya milo. Maneno chamcha na chajio yamo katika kamusi, lakini watu wengi husema chakula cha mchana na chakula cha usiku. Kitindamlo, kwa kile kinacholiwa mwisho, ni neno lililoundwa kwa werevu, likifuata mfano wa kitindamimba, mtoto wa mwisho. Tunaliunga mkono. Hata hivyo wapishi wakumbuke kwamba katika karamu za kwetu halua na kahawa haviko chini ya mlo. Mara nyingi ndivyo vinavyompa mgeni ruhusa ya kuondoka kwa heshima.

Kuonja, na chakula cha hisani

Kuonja ni sehemu ya kazi ya mpishi ambayo haina mbadala. Chumvi ikifika kadiri yake husemwa imekolea. Isipofika, mchuzi ni dufu au chapwa. Tunda bichi lina ugwadu. Kinachokwaruza ulimi kina ukakasi. Mwezi wa Ramadhani mpishi aliyefunga huwa katika hali ya pekee. Wanavyuoni wengi wameruhusu kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema panapokuwa na haja, na wapishi wengine hupendelea kujizuia kabisa, wakitegemea kipimo na harufu.

Kidogo kinachotolewa ili mtu apate ladha huitwa kionjo. Neno hili linatufaa sana, kwani siku hizi kuna mikutano ambayo wapishi kadhaa hutoa vionjo vya kazi zao, waalikwa hulipa kiingilio, na fedha hupelekwa kusaidia skuli, hospitali au mayatima. Mkutano wa namna hiyo tuuite nini?

Wengine wameuita karamu ya sadaka. Hapa tunaomba tahadhari. Sadaka, kwa anayeisikia Pemba, ni kitu kinachotolewa bila ya kudai malipo, kwa kutaraji thawabu. Chakula cha hitima ni sadaka, na mpishi wa hitima mara nyingi hukataa ujira, kwa kuwa naye anataka fungu lake la thawabu. Mtu akialikwa kwenye karamu ya sadaka kisha akadaiwa kiingilio mlangoni, atakuwa na haki ya kushangaa. Na mpishi aliyeambiwa kuwa kazi ni ya sadaka huenda akaona haya kuuliza malipo yake, ilhali mpiga muziki na mwenye ukumbi wamelipwa. Tumeona kwamba neno moja huweza kumwongezea mpishi kazi. Hapa neno moja laweza kumnyima ujira.

Maneno mengine yapo. Kula kikoa ni kula pamoja kwa zamu, kila mmoja akitoa siku yake. Mchango ni kile kinachotolewa na wengi kwa jambo moja. Hisani ni wema kwa ujumla, usiofungwa na masharti ya ibada. Hivyo tunapendekeza hafla ya vionjo vya hisani. Jina hili ladokeza mambo mawili: kwamba watu watapata vionjo na si shibe, na kwamba fedha yao inakwenda katika wema. Kama mpishi ametoa kazi yake bure, hati iseme wazi kwamba amejitolea. Kama atalipwa, kiasi kiandikwe. Kwa zawadi anayopewa fundi baada ya kazi, juu ya ujira wake, lugha inalo neno kilemba, lenye heshima zaidi kuliko bahashishi.

Penye hatari

Tumeliacha mwisho jambo lililo zito kuliko yote. Wako watu ambao miili yao haivumilii chakula fulani; wakila kidogo tu huweza kuvimba koo na hata kufa. Hali hiyo huitwa mzio, na istilahi hiyo imekubalika. Tatizo liko katika majina ya vyakula vyenyewe.

Mgeni huuliza kwa Kiingereza kama chakula kina mbegu za jamii fulani, kwa neno moja linalokusanya karanga, korosho, lozi na nyingine nyingi. Mfasiri husema karanga. Mpishi hujibu kwa ukweli kwamba hakutia karanga, na katika kitoweo hicho ametia korosho zilizosagwa. Wala njugu si afadhali, kwani wengi hufahamu njugu nyasa, ambazo ni karanga zile zile, au njugu mawe. Kokwa lina upana zaidi, lakini mtu akisikia kokwa hufikiria kwanza kokwa la embe. Hali ni hiyo hiyo kwa viumbe vya bahari. Aulizwaye kuhusu kamba atasema hakuna, na huku mchuzi umetiwa uduvi, ambao nao ni jamii ya kamba, wadogo waliokaushwa.

Hapa hatupendekezi istilahi moja ya jumla, kwa sababu istilahi mpya isiyofahamika jikoni ni hatari kuliko kutokuwa nayo. Tunapendekeza kwamba katika hati na katika mazungumzo vitu vitajwe kimoja kimoja: karanga, korosho, lozi, ufuta, kamba, uduvi, kaa, chaza, pweza. Swali nalo ligeuzwe. Badala ya kumuuliza mpishi, "Bibi, mna karanga humu?" aulizwe, "Bibi, tafadhali tutajie vyote ulivyotia humu." Swali la kwanza hutegemea neno la mfasiri. La pili hutegemea ujuzi wa mpishi, nao hauna shaka.

Hitimisho

Kwa muhtasari, tunaleta mbele ya wasomaji mapendekezo haya yajadiliwe: mpishi wa nyumba kwa aliyeajiriwa na nyumba moja; mpishi wa shughuli kwa anayeitwa kwa karamu; mpishi mkuu palipo na ngazi za watumishi; mwandazi kwa fundi wa vitu vya unga na sukari; mpakuzi kwa mgawaji wa chakula; pishi kwa maelezo ya namna ya kupika; tui na kasimele badala ya maziwa na krimu ya nazi; kupalia kwa moto wa juu; majira ya baridi kwa majira ya nchi za kaskazini, na kipupwe kwa majira yetu; hafla ya vionjo vya hisani kwa mkutano wa kuchangisha fedha kwa chakula.

Katika orodha hii hapana hata neno moja la msingi tulilolibuni sisi. Tulichofanya ni kuyapanga na kuyaunga. Yote yamo katika kamusi au yamo jikoni, na mengi yamo kote kuwili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa mwaka 1981, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar likatoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Kazi hizo zimehifadhi sehemu kubwa ya hazina hii. Lakini kamusi haiwezi kuandika neno ambalo hakuna aliyekwenda kulisikiliza. Wapishi wenye maneno haya wengi wao ni wazee, na wanagenzi wao wanajifunza kazi katika majiko ambayo hayana mafiga, wala mbuzi, wala kifumbu cha kuchujia tui.

Tunawaomba walimu, wanafunzi na wasomaji wetu wa Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, na wa kwingineko pwani, waketi na wapishi wa shughuli wa mitaa yao, waandike maneno ya kazi pamoja na maelezo ya matumizi yake, na watuletee. Palipo na neno linalotofautiana na haya tuliyoyataja, tuelezwe pia. Tofauti hizo ndizo zitakazotusaidia kusahihisha orodha hii kabla haijapelekwa kwenye kikao cha usanifishaji.